Saa Arobaini za Fundi Kibwana

Inspekta Pellow, nimekununua kwa elfu mbili
pale Posta, juu ya turubai,
kati ya kamusi iliyoliwa na mchwa
na kitabu cha kufuga kuku.
Jalada lako lilikuwa na ukungu na taa moja ya mtaani.
Jasho la kidole changu limeshaufuta ukungu.

Nakusoma barazani Ukonga, miwani imefungwa uzi,
mimi Sajenti mstaafu, Pazi mwana wa Chande,
na kila ukitaja saa tisa naigeuza tatu,
maana saa za Kiingereza zimesimama kichwa chini.

Maiti yako imevaa saa.
Kioo kimepasuka, akrabu zimeganda,
nawe unainama, unachungulia, unainuka na jibu:
marehemu kafa saa nne kasorobo.
Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Maiti yangu mimi alikuwa fundi saa.
Mtaa wa Mkunguni, kibanda cha mabati,
Kibwana Mwishehe, kifudifudi juu ya meza yake,
lenzi bado jichoni,
na ukutani saa arobaini
kila moja na wakati wake.
Ipi nimwandike shahidi, Inspekta?
Ile ya saa mbili?
Ile ya saa kumi na dakika saba?
Moja tu ndiyo iliyokuwa ikitembea,
nayo imechelewa, kama gari letu.

Wewe una kijana wa kukushikia mwavuli.
Mimi glovu nilinunua duka la dawa, kwa pesa yangu,
na cha kuzuia watu ilikuwa kanga
ya Bi Tausi muuza vitumbua,
imeandikwa: NIMEONA MENGI NASEMA MACHACHE.
Nikamgeukia mwenyewe. Uliona nini, mama?
"Baba, mafuta yakishachemka
jicho haliendi kwingine."
Damu tukaipeleka kwa Mkemia.
Miezi minane, jibu likarudi na muhuri:
ni ya binadamu.

Usiku nililala na daftari la marehemu.
Mwandiko mdogo, wa mtu aliyezoea skrubu ndogo:
jina, aina ya saa, ugonjwa wake, kiasi.
Nilihesabu mara tatu, mara ya nne kwa maharage.
Daftari linasema arobaini na moja.

Katika sura yako ya thelathini
unawakusanya wote sebuleni, mvua inagonga dirisha,
unazunguka, unakohoa, unanyoosha kidole.
Wangu sikuwaita. Walikuja wenyewe
siku ya arobaini, kwenye hitima, Magomeni,
viatu vimelundikana mlangoni
nami nikivichungulia soli, tabia haiachi.
Sinia likashuka. Mpwa wa marehemu
akaja na birika na beseni, akapiga goti mbele yangu.
Alimimina taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.
Kanzu ikapanda kidogo.
Kwenye kifundo cha mkono, weupe wa mkanda,
upana wa vidole viwili,
pale jua lilipokuwa halifiki mpaka juzi.

Niliangalia. Akaona naangalia.
Maji yakaendelea kutoka.
"Karibu, afande," akasema. "Kula."

Nikala.

Bosi aliuliza: weupe huo unaupeleka vipi mahakamani,
kwenye bahasha?
Faili likapanda kabati la juu, likapata vumbi,
kisha likapata faili jingine juu yake.
Yule kijana sasa ana duka la simu, mlango wa tatu
kutoka kilipokuwa kibanda.
Nikipita ananisalimu, shikamoo ya heshima,
ya mtu mwenye adabu zake.
Naitikia. Hiyo nayo iandike, Inspekta:
marahaba, nasema, marahaba.

Umebaki kurasa nane, nimekunja ncha.
Muuaji wako nimeshamjua tangu ukurasa wa sitini,
alikuwa mpole mno na mbwa.
Sikungoji unitajie jina.
Nataka kuona tu, ukishakujua unachokijua,
nani anakumiminia maji,
na mikono unaikaushia wapi.